Fremu tupu Mwanza mjini: tuzihesabu kwa njia gani?

Mdau_Nyamagana
Wadau, habari za jioni. Kikundi chetu cha wafanyabiashara kinataka kuwa na daftari la fremu tupu (vyumba vya maduka ya kupanga), Makoroboi na Rwagasore hadi Mlango Mmoja. Mwenye nyumba akikuambia "fremu zinagombaniwa, lipa kodi ya mwaka mzima", huna cha kumjibu. Njia ninazoziona ni tatu: matangazo ya madalali, orodha ya leseni za biashara, au kupita wenyewe mtaa kwa mtaa. Ipi inatufaa, na bajeti hatuna?

Dalali_Buzuruga
Mkuu, mimi ni dalali na nakushauri usihesabu kwa matangazo yetu. Fremu moja tunaiweka madalali watano kwenye magrupu ya WhatsApp, kila mmoja na picha zake, kwa hiyo wewe utaandika tano. Na fremu ya kona nzuri haitangazwi kabisa. Inapita kwa kilemba: anayeondoka anapokea pesa ya kuachia fremu kutoka kwa anayeingia, mwenye nyumba anabadilisha jina kwenye mkataba, basi. Kwetu chukua bei tu. Ukiona fremu ileile inarudi kwenye grupu kwa bei ya chini zaidi, andika.

MamaVitenge
Leseni nazo zinachelewa. Leseni ni ya mwaka mmoja, kwa hiyo aliyefunga duka mwezi wa pili bado anasomeka yupo mpaka iishe. Halafu mtagonga milango miwili: Nyamagana ni Jiji, ila Kirumba, Pasiansi na Buzuruga ni Manispaa ya Ilemela.

Kijana_Igoma
Kwa nini tusiombe matumizi ya LUKU? Mita isiyonunua umeme, fremu tupu.

Ramani_Ziwa
Hapana, ndugu yangu. Hizo ni taarifa za wateja, na tangu 2022 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Pia fremu nyingi mjini zinachangia mita moja.

Pita kwa miguu. KoboToolbox, programu ya kukusanya taarifa kwa simu, ni bure, inajaza fomu bila intaneti, inachukua picha na mahali ulipo. Kila fremu ipeni namba isiyobadilika hata duka likibadilika. Mkitaka na wengine waone, OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni, ina alama ya duka lililofungwa: disused:shop.

Kazi kubwa ni kukubaliana "tupu" ni nini. Iliyofungwa yenye karatasi ya "inapangishwa" ni tupu. Iliyogeuzwa stoo ina mpangaji, si tupu. Yenye kufuli bila tangazo iwekeni peke yake, muulize jirani au mlinzi. Ghorofani lazima muulize, kutoka barabarani hamtaona kitu.

Na chagueni siku vizuri. Kanda hii ina Wasabato wengi, mkipita Jumamosi mtaandika tupu maduka ya watu walioko kanisani. Ijumaa adhuhuri vilevile. Mwaloni wa Kirumba, kwenye soko la samaki, nendeni siku ambazo usiku hauna mbalamwezi, kwa sababu dagaa wanavuliwa kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka kazi inapoa na stoo nyingine hazifunguliwi.

MamaVitenge
Hilo la mbalamwezi ni kweli kabisa. Nina wateja wa pale, wiki hiyo hawaonekani.

Kijana_Igoma
Sawa. Ila kupita mara moja hakusaidii.

Ramani_Ziwa
Rudini kila baada ya miezi mitatu, mitaa ileile. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025. Mabanda ya kivukoni yangekuwa yamehesabiwa kabla, leo tungejua waliopoteza wateja ni wangapi na wamehamia wapi. Na msitoe asilimia moja tu. Tuseme mtaa una fremu 80 na 8 ziko tupu, hiyo ni asilimia 10. Lakini kama mojawapo ni ukumbi mkubwa uliokuwa supamaketi, eneo lililolala ni kubwa kuliko hesabu inavyosema. Pimeni upana wa mbele kwa hatua.

Dalali_Buzuruga
Ongezeni swali moja kwa jirani: imefungwa tangu lini? Iliyokaa mwezi inasubiri mpangaji. Iliyokaa mwaka, bei imewashinda watu au kuna kesi ya mirathi, na hapo hata mkienda na pesa taslimu hampangishwi.

Mdau_Nyamagana
Nashukuru sana. Tunaanza Rwagasore na Makoroboi Jumanne saa nne asubuhi, maduka yakiwa yameshafunguliwa. Kaka dalali, naomba utuletee bei za mitaa hiyo miwili. Leseni tutaziomba baadaye, kwa kulinganisha tu.

Dalali_Buzuruga
Bei nitaleta. Nitaandika iliyoombwa na iliyolipwa, maana hazifanani.