Fidia ya Aliyeumia Kazini Iwekewe Ukomo Kampuni ya Bima Inapofilisika?

Sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini ya mwaka 2007, ambayo Wakenya wengi tunaiita WIBA, inamlazimu mwajiri kuwakatia wafanyakazi wake bima. Kampuni ya bima ikifilisika, Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima huingilia kati, lakini malipo yake yana ukomo wa shilingi 250,000 kwa kila dai. Msimamo wangu ni kwamba ukomo huo uondolewe kabisa kwa madai ya walioumia kazini.

Tuchukue kibarua wa mjengo anayelipwa shilingi 30,000 kwa mwezi, akaanguka kutoka ghorofa ya nne, akapooza miguu na asiweze kufanya kazi tena. WIBA hukokotoa fidia ya ulemavu kamili wa kudumu kwa mshahara wa miezi 96, yaani shilingi 2,880,000. Mfuko ukishatoa chake, zinabaki 2,630,000, na huku anahitaji kiti cha magurudumu, mipira ya mkojo na karo ya watoto.

Wapo wanaosema kwamba hapotezi kitu, kwa kuwa mwajiri bado anawajibika. Kisheria ni kweli. Lakini mkandarasi mdogo aliyelipa ada ya bima kwa uaminifu hana fedha hizo benki, na huenda kampuni yake ilifungwa pale mradi ulipokwisha. Mfanyakazi naye hakuichagua kampuni ya bima wala hakuuona mkataba. Serikali iliyoifanya bima hiyo kuwa ya lazima, na kuipa kampuni leseni, ndiyo iliyokuwa na uwezo wa kukagua vitabu vyake vya hesabu, na baada ya kampuni za bima za United mwaka 2005 na Blue Shield mwaka 2011 kuanguka, haiwezi kusema kwamba ilishtukizwa.

Pingamizi lenye uzito ni la fedha. Mfuko hutegemea tozo ya asilimia 0.25 ya ada kutoka kwa kampuni, na kiasi hicho hicho kutoka kwa mwenye bima. Nakubali kwamba tozo italazimika kupanda. Hata hivyo, California hulipa madai ya wafanyakazi bila ukomo, ingawa madai mengine ya bima huishia dola 500,000, na Uingereza hulipa bima za lazima kwa asilimia 100. Tanzania ilichagua njia nyingine: tangu mwaka 2015 fidia hutoka katika mfuko wa umma, WCF, unaochangiwa na waajiri.

Anayetaka ukomo ubaki, naomba atueleze salio la fidia litalipwa na nani mwajiri asipokuwapo tena.