Ukoo wa Mikindani: pikapu ya Athumani na mlima wa Mazeras

*Jumamosi*

Athumani: Salaam aleikum nyote. Pikapu leo tena imekataa kuwaka. Betri ina nguvu, stata yazungusha vizuri, lakini injini haishiki mpaka nihangaike nayo sana. Samaki wako nyuma na barafu yayeyuka.

Mwanaisha: Waaleikum salaam. Kaka, mimi niko Mazeras na wateja washafika. Watoka saa ngapi?

Athumani: Imewaka sasa hivi. Naja.

Athumani: Nimefika, lakini kwa taabu. Toka Miritini nilipoanza kupanda, nikikanyaga resi yaenda kidogo kisha yalegea. Nikiachia yarudi. Barabara tambarare haina neno, hata baipasi ya Dongo Kundu nimeipita vizuri. Fundi aliyeiangalia jana asema pampu ya dizeli imechoka, ishushwe ikafunguliwe. Yuwataka elfu sitini.

Mama Mdogo Zuhura: Elfu sitini! Na mchango wa harusi bado twakusanya. Kaka Salim, uko wapi? Mtoto huyu asaidiwe.

Mjomba Salim: Niko hapa. Athumani, pampu isishushwe. Nijibu kwanza. Ikilegea mlimani yatoa moshi wa rangi gani?

Athumani: Hakuna moshi wa kutajika, Mjomba. Asubuhi ikishika hutoa mweupe kidogo, kisha waisha.

Mjomba Salim: Ukiizima ikiwa moto, ukawasha papo hapo?

Athumani: Yashika mara moja.

Mjomba Salim: Chini kuna dizeli yoyote yadondoka?

Athumani: Pakavu kabisa.

Mjomba Salim: Basi nisikilize babangu, na Hamisi pia asome. Moshi mweusi ni dizeli nyingi na upepo kidogo, hapo ungeanza na filta ya hewa. Moshi wa buluu ni oili yaungua. Wewe gari yakosa nguvu bila moshi, maana yake dizeli yenyewe haifiki ya kutosha. Sasa je, ni pampu? Pampu hizi za kizamani za injini yako ya 5L, hiyo dizeli ya zamani ya Toyota, zikichoka, husumbua zaidi zikiwa MOTO. Dizeli ikipata joto huwa nyepesi, yapenya mle ndani palipolika, shinikizo halipatikani. Gari ya namna hiyo asubuhi huwaka, halafu ukiizima sokoni adhuhuri yakataa mpaka ipoe. Yako ni kinyume. Ya moto yawaka, ya baridi yasumbua. Ndiyo maana nakataa hizo elfu sitini.

Hamisi: Mjomba, haiwezi kuwa plagi za hita, zile zipashazo injini moto wakati wa kuwasha?

Mjomba Salim: Swali zuri. 5L huchomea dizeli kwenye chumba kidogo cha pembeni kabla moto haujafika juu ya pistoni, kwa hivyo yataka hita hata kwa joto letu hili la Mombasa. Zipimwe kwa mita: plagi nzima huonyesha ukinzani mdogo sana, iliyokufa haipitishi kitu. Lakini plagi zikifa, shida yake ni ya kuwasha tu. Injini ikishapata moto, Mazeras yapandwa bila wasiwasi. Hii ya Athumani yasumbua kotekote, asubuhi na mlimani. Natafuta kitu kimoja chenye kueleza mambo yote mawili.

Mama Mdogo Zuhura: Au ameuziwa dizeli iliyotiwa mafuta ya taa? Hayo mambo yapo.

Mjomba Salim: Yapo, dada. Ndiyo sababu mwaka wa 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili watu wasione faida kuyachanganya. Na hudhuru kweli, kwa sababu pampu hailainishwi na oili. Yalainishwa na dizeli ile ile ipitayo ndani yake, na mafuta ya taa hayana utelezi huo. Athumani, usinunue dizeli ya mitungi njiani hata ikiwa rahisi namna gani. Lakini hilo si la leo.

Mjomba Salim: Leo jioni fungua kile kibomba cha chini ya filta ya dizeli, kinga kwa chupa ya kioo, utoe kidogo uache itulie. Ukiona mstari, maji ndiyo yatakuwa chini. Halafu kesho asubuhi, KABLA hujagusa ufunguo, bonyeza ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Niambie ni laini au ni ngumu.

Athumani: Sawa, Mjomba. Ahsante.

*Jumapili*

Athumani: [picha] Maji yalikuwepo, kama kijiko kimoja.

Athumani: Na ile pampu ya mkono ilikuwa laini kabisa. Nimebonyeza, nimebonyeza, mpaka ikawa ngumu. Nikawasha, ikashika hapo hapo!

Mwanaisha: Alhamdulillahi!

Mjomba Salim: Hapo tumepata njia. Filta na pampu usiku zilikuwa hazina dizeli ya kutosha, imerudi tangini. Dizeli hairudi mpaka upepo uingie mahali. Na tundu hilo hilo liingizalo upepo usiku, mchana ukipanda na mzigo pampu yavuta kwa nguvu zaidi, na upepo nao waingia zaidi. Mambo mawili, tundu moja.

Hamisi: Lakini yuwasema chini pakavu. Tundu lisilovuja?

Mjomba Salim: Hapo ndipo watu wengi hupotea. Toka tangini mpaka kwenye pampu, dizeli yavutwa, haisukumwi. Tundu la upande wa kuvuta hunyonya upepo kuingia ndani, dizeli haitoki nje. Utalala chini ya gari na kurunzi usione tone.

Mjomba Salim: Sasa Athumani, usiku wa leo tugawanye gari nusu mbili. Chukua mtungi safi, tia lita tano za dizeli nzuri. Chomoa mpira uletao dizeli kwenye filta, uzibe, badala yake funga mpira mpya wenye kuona ndani, uutie mtungini. Na ule mpira wa kurudisha dizeli iliyozidi nao uutie mtungini humo humo, la sivyo dizeli ya mtungi yote itahamia tangini. Mtungi uweke CHINI, usawa wa tangi. Ukiuweka juu, dizeli itateremka yenyewe na hutajua lolote. Pampu kwa mkono, washa, acha ingurume kidogo, zima. Ulale. Asubuhi washa bila kubonyeza chochote. Wala usiende nayo barabarani na mtungi, hicho ni kipimo cha nyumbani tu. Na watoto wasicheze hapo.

Mama Mdogo Zuhura: Na sigara mbali!

*Jumatatu*

Athumani: Imewaka kwa mara moja! Na kwenye ule mpira wa kuonyesha hakuna povu hata kidogo.

Mjomba Salim: Basi filta, pampu na mipira ya mbele ni wazima. Ubaya uko nyuma, baina ya tangi na chumba cha injini. Ingia chini, ufuate paipu ya chuma kwa mkono, si kwa macho. Kila penye klipu ya kuishikilia kwenye chesisi, fungua klipu uangalie chini yake. Na usiingie chini ya gari iliyosimama kwa jeki peke yake. Weka stendi, na magurudumu yazuiwe kwa mawe.

Athumani: Mjomba, nimeiona. [picha] Klipu ya pili toka tangini. Juu paipu yang'aa, chini ya klipu imelika yote, nimeikwaruza kwa ukucha ikatoboka.

Hamisi: Lo! Sasa mbona hapo tu?

Mjomba Salim: Samaki. Barafu ikiyeyuka, maji ya chumvi yateremka kwenye matundu ya kitanda cha pikapu, yaangukia chesisi. Penye wazi hukauka. Chini ya klipu pana tope, unyevu haukauki, chumvi yala chuma polepole. Ukijumlisha na upepo wa bahari wa hapa kwetu, paipu ya chuma haina maisha marefu.

Athumani: Nikate kipande nitie mpira?

Mjomba Salim: Kata mpaka ufikie chuma kizima pande zote mbili. Lakini nunua mpira wa DIZELI, mwambie muuzaji hivyo. Mpira wa maji dizeli huulainisha, baada ya muda wavimba na kupasuka, utarudi pale pale. Klipu za kukaza kwa bisibisi, moja kila upande. Halafu badilisha na filta, usisubiri. Ule mpira wa duara wa filta mpya uupake dizeli kidogo, kaza kwa mkono, usitumie spana. Mwezi ujao tutatafuta paipu nzima mpya.

Hamisi: Na gari yangu yenye injini ya D-4D, ile dizeli mpya ya Toyota, nikiona inasumbua nilegeze nati za paipu za nozo, zile zinyunyizazo dizeli ndani ya injini, kutoa upepo? Nimeona mtu akifanya.

Mjomba Salim: HAPANA, Hamisi. Kwa 5L mtu huweza kulegeza, ni njia ya zamani. Yako ni komoni reli, paipu moja nene hulisha nozo zote, na shinikizo la mle ndani hupita la tairi mara zaidi ya mia nne. Dizeli ya namna hiyo hupenya ngozi na kuingia mwilini, na kidonda chake hakionekani kikubwa kwa nje. Ikimpata mtu ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama haumwi. Usiweke kidole karibu, wala usipapase kutafuta panapovuja. Yako ukitoa maji ya filta na kubadilisha filta kwa wakati, yatosha. Mengine yataka mashine ya kupimia.

Mama Mdogo Zuhura: Umesikia wewe Hamisi.

Hamisi: Nimesikia, Mama.

*Jumanne*

Mwanaisha: Kaka amefika Mazeras saa moja kasoro! Samaki bado wana barafu.

Athumani: Imepanda na mzigo kamili gia ya tatu, haijalegea hata mara moja. Mpira na klipu hazikufika elfu moja. Mjomba, Mungu akuweke.

Mjomba Salim: Amin, mwanangu. Kila ukishusha samaki, mwaga maji baridi ya bomba kule chini, usafishe chumvi, hasa kwenye klipu. Na tangi usiliache nusu usiku. Nafasi tupu ndiyo hewa yetu hii yenye unyevu hugeuka maji, ndicho kile kijiko ulichokiona chupani.

Mjomba Salim: Neno moja. Mkanda wa taimingi, ule uziendeshao vali sawa na pistoni, ulibadilishwa lini?

Athumani: Niliinunua hivyo hivyo, aliyeniuzia hakunipa karatasi yoyote.

Mjomba Salim: 5L yataka mkanda mpya kila kilomita 100,000. Ukikatika, vali zagonga pistoni, hapo injini yote imekwenda. Usiende Shimoni na gari hiyo mpaka tuufungue. Alhamisi baada ya Alasiri niko nyumbani. Njoo nayo, na mkanda ununue kabla.

Athumani: Inshallah, Mjomba. Na roleta yake, ile ya kuukaza mkanda?

Mjomba Salim: Na roleta yake.