Koloni za njano kwenye TCBS, lakini kipimo cha oksidesi kinatoa hasi: nimekosea wapi?

Mwanafunzi_wa_Maabara aliuliza:

Shikamooni wakubwa zangu. Nasoma stashahada ya sayansi ya maabara, mwaka wa mwisho, na kwa sasa nipo kwenye mafunzo kwa vitendo katika hospitali moja ya wilaya. Juzi tulipokea sampuli ya choo ya mtu mzima aliyeletwa akiharisha majimaji meupe kama maji yaliyooshea mchele. Niliiweka sampuli kwenye maji ya peptoni yenye alikali kwa saa 6, nikachota sehemu ya juu kwa kitanzi cha waya, kisha nikaotesha kwenye TCBS, yaani aga maalumu ya kuoteshea Vibrio, jamii ya kimelea cha kipindupindu, kwa nyuzi joto 37. Asubuhi yake sahani ilikuwa imejaa koloni (vikundi vya bakteria vinavyoonekana kwa macho) za njano, bapa kidogo, zenye upana wa milimita 2 hadi 3, katikati hazipitishi mwanga na pembeni zinapitisha.

Nilichukua koloni moja kutoka sahani hiyohiyo, nikaipaka kwenye karatasi yenye kitendanishi cha oksidesi, na rangi haikubadilika. Nimerudia mara tatu, majibu ni yaleyale. Msimamizi wangu ameelekeza tuandike kwamba kimelea cha kipindupindu hakikuonekana, kwa sababu Vibrio cholerae ni lazima iwe chanya kwa oksidesi. Mimi sijaridhika, lakini sina hoja ya kumpa. Je, Vibrio inaweza kutoa hasi? Na kama hii siyo Vibrio, ni kimelea gani kinachoota namna hii?

Benchi_la_Bakteria alijibu:

Marahaba, mdogo wangu. Kanuni aliyokupa msimamizi wako ni ya kweli. Tatizo lipo mahali ulipochukua koloni.

Tazama kinachotokea kwenye sahani hiyo. TCBS ina chumvi za nyongo za kuzuia bakteria wengi wa utumbo, ina alikali ya kufikia pH 8.6 ambayo Vibrio huipenda, na ina sukrosi, yaani sukari ileile ya miwa tunayotia kwenye chai. Vibrio cholerae huchachusha sukrosi na kutoa tindikali, na tindikali hiyo ndiyo inayogeuza midia kutoka kijani kuwa njano. Kwa hiyo unjano unaouona haukuambii jina la kimelea. Unakuambia tu kwamba hapo pana tindikali. Kipimo cha oksidesi, kwa upande wake, kinategemea kimeng'enya cha bakteria kukioksidisha kitendanishi hadi kiwe zambarau iliyokolea, na tindikali huvuruga mmenyuko huo. Koloni uliyoipima ilikuwa imezama kwenye tindikali yake yenyewe, ndiyo maana majibu yake hayawezi kuaminika hata ukirudia mara kumi.

Chukua koloni moja iliyojitenga, uioteshe upya kwenye aga ya kawaida isiyochuja bakteria wala kuwa na sukari ya kuchachushwa, usubiri saa 18 hadi 24, kisha upime. Tumia kijiti cha mbao au kitanzi cha plastiki, kwa sababu waya wa nikromu unaweza kuleta chanya ya uongo. Soma ndani ya sekunde 10, wala usihesabu rangi inayojitokeza baadaye, kwa maana kitendanishi hiki hugeuka chenyewe kikikaa hewani. Kabla ya yote, pima kimelea cha udhibiti ambacho ni chanya, kwa mfano Pseudomonas aeruginosa, pamoja na Escherichia coli ambayo ni hasi. Chupa iliyokwisha kuwa ya bluu usiiguse.

Jambo moja halingoji sahani yoyote: mgonjwa anayeharisha hivyo arudishiwe maji na chumvi tangu dakika anapopokelewa. Naamini wodini wamefanya hivyo.

Mama_Darubini alijibu:

Naungana na aliyetangulia, ila nawasihi msije mkalichukulia jibu kuwa limeshapatikana. Vibrio alginolyticus nayo hutoa koloni za njano kwenye TCBS na ni chanya kwa oksidesi, na baadhi ya Proteus huweza kuota hapo zikiwa njano japokuwa ni hasi kwa oksidesi. Sisi tulio karibu na bahari tunawaona hao mara kwa mara kwenye samaki. Chumvi huwatenganisha vizuri: Vibrio cholerae huota kwenye mchuzi wa peptoni usiotiwa chumvi kabisa, na alginolyticus haioti humo.

Fanya pia kipimo cha uzi. Weka tone la sodiamu deoksikoleti ya asilimia 0.5 kwenye slaidi, koroga humo bakteria kutoka aga ya kawaida, kisha inua kitanzi taratibu. Ikiwa ni Vibrio cholerae, seli hupasuka, vinasaba vyake humwagika, na ndani ya dakika moja utaona ute ukivutika kama uzi wa bamia.

Mwanafunzi_wa_Maabara aliandika:

Nimerudi. Oksidesi kutoka aga ya kawaida imegeuka zambarau kabla sijamaliza kuhesabu hadi tano, na vimelea vyote viwili vya udhibiti vimetoa majibu sahihi. Uzi umevutika. Tumejaribu antisera, yaani majimaji yenye kingamwili za kutambua aina ya kimelea: kimelea kimegandamana na O1, kisha na Ogawa; kwa Inaba hakikugandamana, wala kwenye maji ya chumvi peke yake. Msimamizi ameyaona kwa macho yake na ameirekebisha fomu. Swali langu la mwisho: ikiwa matibabu ni yaleyale, kwa nini tuandike hadi Ogawa?

Benchi_la_Bakteria alijibu:

Hongera, na mpongeze msimamizi wako pia, maana kurekebisha fomu iliyokwisha kuandikwa si jambo jepesi.

Kwa mgonjwa huyu mmoja, ni kweli, neno Ogawa halibadilishi dripu yake. Lakini Vibrio cholerae ina makundi zaidi ya 200 yanayotofautishwa kwa antijeni ya O (alama iliyo juu ya ganda la bakteria), na yanayojulikana kwa kuleta milipuko mikubwa ni mawili tu, O1 na O139, hilo la pili likiwa limejitokeza kusini mwa Asia mwaka 1992. Mengine huweza kuharisha mtu au watu wachache, yakaishia hapo. Tofauti kubwa ni sumu: jeni zake huletwa ndani ya bakteria na kirusi kinachomshambulia bakteria mwenyewe, na aina nyingi zilizo nje ya makundi hayo mawili hazina jeni hizo. Ndiyo sababu kuandika "Vibrio cholerae" bila kundi humwacha mganga mkuu wa wilaya asijue kama anakabili mgonjwa mmoja au kijiji kizima.

Ogawa na Inaba ni migawanyo ya ndani ya O1. Ikiwa wiki ijayo wilaya ya jirani itapata Inaba, wafuatiliaji wa mlipuko watajiuliza kama chanzo ni kimoja au la. Si ushahidi kamili, kwa kuwa O1 huweza kubadilika kutoka Ogawa kuwa Inaba mlipuko ukiendelea, lakini huwapa pa kuanzia.

Toeni taarifa leo hii kwa simu, msisubiri fomu ifike. Kimelea chenyewe kihifadhini kwenye aga laini, joto la kawaida la chumba, bila friji, kipelekwe maabara ya taifa ya rufaa kikiwa hai.