Komando ni Mbwa wa Nani?

Kikundi: MAJIRANI WA KOTAZI (NYUMBA ZA JESHI) – MBEYA

JUMATATU, SAA 12 JIONI

Mama Lusajo: Jamani mlio karibu na tangi la maji, Lusajo kang'atwa na mbwa sasa hivi!! Kwenye shavu la mguu, damu inatoka. Baba yake yuko zamu. Nifanyeje?

Mama Atu: Yesu wangu! Pole mama, natoka nje nakuja.

Bibi Atu: Mwanangu tafuta tumbaku utafune uweke hapo, kisha funga na kitambaa. Sisi Rungwe ndivyo tulivyofanya.

Baba Neema (Mifugo): Shikamoo bibi, naomba unisamehe, hapo sikubaliani nawe. Mama Lusajo, usiweke tumbaku, usiweke majivu wala mafuta ya taa, na usifunge. Mpeleke bombani, maji yatiririke juu ya kidonda, tia sabuni hata ya kufulia, uoshe dakika 15. Tazama saa. 15 kamili.

Mama Lusajo: Analia sana, maji ya baridi

Baba Neema (Mifugo): Maji ya Mbeya mwezi wa saba nayajua mama. Mwache alie. Sabuni inaua virusi vya kichaa cha mbwa hapo hapo kidondani kabla havijashika neva. Ukimaliza, hospitali usiku huu huu. Msingoje kupambazuke.

Baba Elia: Nawasha gari. Mama Lusajo nikukute mlangoni, chukua na sweta la mtoto.

Bibi Atu: Marahaba baba Neema. Fanyeni alivyosema huyo, mimi naomba Mungu.

SAA 4 USIKU

Mama Lusajo: Tumerudi majirani. Baba Elia Mungu akubariki, amekaa na sisi mpaka mwisho. Kachomwa sindano ya kwanza begani, na nyingine wamedunga kuzunguka kidonda chenyewe. Hapo ndipo alipolia mpaka na mimi nikalia. Kadi imeandikwa leo siku ya 0, turudi siku ya 3, ya 7 na ya 14. Daktari kaniuliza mbwa ni wa nani na kama ana chanjo. Nikakosa cha kumjibu.

Mama Atu: Lusajo mwenyewe anasemaje?

Mama Lusajo: Anasema ni Komando. Walikuwa wanarusha mpira, ukaenda kumgonga akiwa amelala.

Baba Elia: Komando ni mbwa wa nani? Kila siku namwona anazunguka mstari wa nyumba za nyuma. Mwenye mbwa ajitokeze humu humu.

Katibu wa Kotazi: Nawakumbusha tangazo la mwezi uliopita. Nyumba moja mbwa wasizidi 2. Kila mbwa na paka awe na kadi ya chanjo, aandikishwe kwangu. Mchana afungwe au awe ndani ya uzio wa nyumba. Asiye na mwenyewe ataondolewa. Walioandikisha mpaka leo ni nyumba 4. Nne tu, na mbwa wanaobweka usiku nawasikia wote.

Baba Elia: Basi asiye na mwenyewe huyo hapo. Afande, kesho naomba kibali apigwe risasi. Mimi nimemshika yule mtoto wakati wanamdunga. Siwezi kulala.

Mama Atu: Naunga mkono.

Jirani wa Nyumba ya Kona: Naunga mkono.

Baba Neema (Mifugo): Ndugu zangu, nawaomba mnisome mpaka mwisho, ni ndefu.

Baba Elia, hasira yako ninaielewa, na usiku wa leo umefanya kazi ya baba. Lakini mkimpiga Komando risasi kesho mnamnyima Lusajo jibu. Virusi vya kichaa husafiri kwenye neva mpaka ubongoni, na ni vikishafika huko ndipo vinashuka kwenye mate. Mbwa ambaye tayari ana virusi kwenye mate hana siku nyingi, atabadilika na kufa. Ndiyo maana anatazamwa siku 10. Ikifika siku ya 10 anakula, anakunywa, anaitika jina lake, basi jioni ya Jumatatu mate yake hayakuwa na kichaa, na hospitali wanaweza kumsimamishia mtoto sindano zilizobaki. Akiuawa, inabaki kupima ubongo maabara. Na risasi ya kichwa inaharibu hicho hicho cha kupimwa.

Jambo la pili linaniuma zaidi. Tangazo letu linasema asiye na mwenyewe ataondolewa. Sawa, ni kambi, lazima pawe na utaratibu. Ila tazameni limefanya nini: kuna mtu humu anamlisha Komando, na usiku huu anaogopa kusema. Tukitangaza kuua mbwa wasio na kadi, kesho hamtaona hata mbwa mmoja asiye na kadi. Mtaona milango imefungwa na mbwa wamefichwa chooni. Na mbwa aliyefichwa ndiye asiyechanjwa. Mkiwaua wa humu, wa kijijini watapita chini ya waya wachukue nafasi yao. Kinachozuia kichaa ni chanjo: mbwa 7 katika kila 10 wakiwa wamechanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita.

Nikiwa mafunzoni nilimwona mtu mzima ameletewa kijiko cha maji akashindwa kumeza, koo linajikaza, macho yamemtoka, na akili zake anazo, anajua kila kinachomtokea. Alikuwa ameng'atwa miezi miwili nyuma. Dalili zikishaanza hakuna dawa. Sitaki kuona tena, hasa kwa mtoto wa humu.

Aliye na Komando anipigie mimi, hata saa nane ya usiku. Sitamtaja.

Katibu wa Kotazi: Nimesoma. Hakuna risasi mpaka nizungumze na wakubwa asubuhi.

Dada Upendo (Texas): Poleni sana majirani zangu. Nimehama miaka mingi ila kikundi hiki sikitoki. Niseme ya huku, huenda yakasaidia. Tunakaa nyumba za jeshi kambini kwa mume wangu. Wanyama ni 2 kwa nyumba, kama tangazo lenu. Kila mmoja anawekewa chipu chini ya ngozi, ndogo kama punje ya mchele, akiokotwa wanapitisha mashine, inatoka namba, na kwa namba hiyo wanampata mwenyewe. Kuna aina za mbwa hawaruhusu kabisa kwenye nyumba za familia: Pit Bull, Rottweiler, Doberman, Chow. Lakini kliniki ya wanyama ipo humo humo kambini. Mbwa wa kazi wa jeshi wanatangulia, sisi wenye paka tunapewa nafasi zinazobaki na tunalipa wenyewe. Jeshi la huku lina kikosi cha madaktari wa wanyama tangu 1916, enzi za farasi. Na hata hivyo uhamisho ukitoka, wapo wanaoondoka usiku na kumwacha mbwa nyuma ya nyumba.

Baba Elia: Dada, sisi hiyo chipu tutaitoa wapi?

Baba Neema (Mifugo): Tuna daftari la Katibu. Jina la mbwa, rangi, nyumba namba ngapi, tarehe ya chanjo, na kola nyekundu shingoni ili hata mlinzi wa getini aone kwa mbali. Kinachotupungukia ni kliniki kuja kwetu. Mmewaambia watu leteni kadi, na hakuna aliyewaambia chanjo inapatikana wapi.

JUMANNE, SAA 11 ALFAJIRI

Mama Tumpe: Mwagonile majirani. Sijalala. Mama Lusajo, naomba nianze na wewe, nisamehe dada yangu. Komando namlisha mimi.

Si mbwa wangu. Ni wa wale waliohamia Tabora mwaka jana, mnawakumbuka, nyumba yenye mpichi. Gari la mizigo lilipoondoka, Komando alilikimbilia mpaka getini, akarudi akalala kwenye baraza yao siku nne, hali kitu. Siku ya tano mvua inanyesha nikampelekea ukoko wa ugali. Akanifuata. Baba Tumpe yuko ulinzi wa amani, mimi na watoto watatu peke yetu, na usiku mbwa yule akilala mlangoni kwangu mimi ndiyo napata usingizi. Tangazo lilipotoka nikaona nikimwandikisha nitaulizwa kadi sina, nisipomwandikisha ataondolewa. Nikanyamaza. Jana jioni nilisikia Lusajo analia, nikamfungia Komando jikoni na kuzima taa. Huo ndio ukweli wangu.

Mama Lusajo: Mama Tumpe. Nimesoma mara tatu. Nimekasirika na sitasema sijakasirika, ungepiga hodi tu jana. Daktari aliponiuliza nilijiona mama mjinga. Lakini umesema. Komando yuko wapi sasa?

Mama Tumpe: Jikoni. Amelala karibu na mkaa.

Mama Lusajo: Basi asitoke humo. Mlishe vizuri.

Baba Neema (Mifugo): Mama Tumpe asante, umefanya jambo kubwa. Nakuja kabla ya kazi na mnyororo. Asiguswe mdomo, bakuli lisukumwe kwa fimbo, watoto wasiingie kabisa. Kila jioni utuandikie humu: amekula, amekunywa maji, anatembea vipi, sauti yake ikoje. Ukiona taya limelegea, mate yanachuruzika, sauti imekuwa ya kukwaruza, au anang'ata mti na mnyororo, usimkaribie. Nipigie. Na ikitokea hivyo, Lusajo anaendelea na sindano zote.

Baba Elia: Mimi ndiye niliyesema risasi. Mama Tumpe, mnyororo ninao mzito, wa ng'ombe. Nauleta.

ALHAMISI

Mama Tumpe: Siku ya 3. Amekula ugali na dagaa, amemaliza. Maji amekunywa.

Mama Lusajo: Sindano ya pili tayari. Hajalia, kapewa andazi.

Katibu wa Kotazi: Nimeongea na wakubwa. Tangazo linaandikwa upya, neno "ataondolewa" litakuja baada ya siku ya chanjo, si kabla. Na nimeongeza kipengele kwenye fomu ya kukabidhi nyumba: mwenye uhamisho aandike mnyama wake anakwenda naye au anamkabidhi nani, na anayekabidhiwa atie sahihi. Bila hiyo sipokei funguo.

Dada Upendo (Texas): Hicho kipengele cha mwisho nakipigia makofi nikiwa huku.

JUMATATU

Mama Tumpe: Siku ya 7. Leo asubuhi hakugusa chakula, nikatetemeka. Baba Neema alikuja, kumbe jana watoto walimrushia mifupa dirishani, ameshiba. Jioni amekula.

Bibi Atu: Watoto wa humu nitawachapa mimi mwenyewe.

Mama Lusajo: Ya tatu tayari.

ALHAMISI

Mama Tumpe: Siku ya 10. Amekula bakuli zima, anatikisa mkia, ameniitikia nilipomwita. Baba Neema amemwona kwa macho yake.

Baba Neema (Mifugo): Nimemtazama mbele na nyuma. Mzima. Mama Lusajo, nenda hospitali na habari hii, wao ndio watakaosema kuhusu sindano ya siku ya 14.

Mama Lusajo: Nakwenda sasa hivi. Asante Mungu. Asanteni wote.

Bibi Atu: Ndaga fijo, asante sana baba Neema.

Baba Neema (Mifugo): Chanjo ni Jumamosi saa 3 asubuhi, chini ya mkaratusi nyuma ya duka. Mbwa wote wenye miezi 3 na kuendelea, na paka pia, paka wanasahaulika. Mbwa aje na kamba, aletwe na mtu mzima si mtoto. Paka kwenye kikapu chenye kifuniko. Inarudiwa kila mwaka, kwa hiyo kadi msifungie maandazi.

Katibu wa Kotazi: Nakuja na daftari na kola. Naanza kujaza leo kupunguza foleni. Komando, rangi ya kahawia, kifua cheupe. Hapa penye jina la mwenye mbwa niandike nini?

Mama Tumpe: Andika langu, afande.