Wakili msomi, mimi NIMELAZWA wodi gani?

Wakuu, naandika nikiwa nje ya mahakama, mikono inatetemeka. Yule wakili mnamjua. Wa suti ya bluu na mkoba usio na karatasi hata moja. Si ninyi mlionipa namba yake humu humu?

Kesi ya kiwanja, leo ilikuwa ya kusikilizwa. Nimetoka Chanika saa kumi alfajiri, nimevaa suti niliyoolea, mashahidi wawili nimewalipia nauli na supu. Nimekaa benchi la pili. Karani anaita shauri, msomi anasimama, anainama vizuriii: "Mheshimiwa, mteja wangu amelazwa."

AMELAZWA! Benchi la pili! Hakimu akanipa pole, kesi ikaahirishwa mpaka mwezi ujao. Hata mimi nilianza kumhurumia mgonjwa, ndipo nikakumbuka mgonjwa mwenyewe ni mimi. Shahidi wangu ananigusa bega: "Kaka, unaumwa nini?"

Namfuata koridoni, ananiambia, "Tulia mzee, hiyo ni mbinu." Mbinu gani, faili hajafungua! Laki nane kala, risiti sina. Nimelazwa na tai shingoni!

Kobe Mpole: Pole mkuu. Wodini wanaruhusu simu?

Mama Genge: Si ungesimama useme nipo?

Mleta uzi: Nimuumbue wakili wangu na hela zangu anazo yeye?

Msomi wa Kijiweni: Kanuni za maadili ya mawakili za 2018 zinakataza kuidanganya mahakama. Peleka malalamiko Kamati ya Mawakili, wanaweza kumsimamisha au kumfuta kabisa. Na jina lake uliangalia e-Wakili, ule mfumo wa mtandaoni wa kuhakiki mawakili? Isije ikawa umempa kishoka, wakili feki.

Kobe Mpole: Aambatanishe na cheti cha daktari.

Bonge la Mbagala: Afadhali wewe umelazwa tu. Wangu fidia yangu imeingia akaunti yake, kila nikipiga "inashughulikiwa". Mwaka wa pili huu. Juzi kanipita na IST mpya.

Dogo Janja wa Gereji: Namba E?

Bonge la Mbagala: E. Nyeusi.

Dogo Janja wa Gereji: Hizo nzuri ila mwangalie giaboksi.

Mama Genge: Usinikumbushe giaboksi! Fundi wangu kakaa na gari miezi mitatu, nimeikuta inabeba matikiti.

Mleta uzi: Jamani, na kesi yangu?

Mama Genge: Wewe si umelazwa? Pumzika. Yaani matikiti, mpaka siti ya mbele!