Ghala la data lirudishe IQueryable, au life na siri zake?

Wakuu wa C#, tubishane kidogo. Kiolesura cha ghala la data (ripozitori, kama wengine mnavyoita: sehemu ya programu inayoongea na hifadhidata) kirudishe IQueryable, yaani swali ambalo bado halijapelekwa kwenye hifadhidata, ili kila anayekiita aongeze Where (kuchuja) na OrderBy (kupanga) atakavyo, au kirudishe orodha iliyokamilika basi?

Mimi nasema kifungwe, maana yamenikuta. Mfumo wa mikopo, ghala linarudisha IQueryable. Kwenye majaribio tuliweka orodha ya kwenye memori na AsQueryable(), inayoivika orodha sura ya IQueryable, yote yakapita. Tulipowasha kwa wateja, ukurasa wa wadaiwa ukagoma. Mwenzetu alikuwa ameandika Where(m => AmechelewaKulipa(m)). Kwenye memori hiyo ni methodi kama nyingine. Entity Framework Core, maktaba inayogeuza maswali ya C# kuwa SQL (lugha ya hifadhidata), haijui kuigeuza hiyo, na tangu toleo la 3.0 la mwaka 2019 inakataa hapo hapo badala ya kuvuta jedwali zima kimyakimya.

Na herufi je? Kwa orodha ya memori, "Asha" na "ASHA" ni watu wawili. Kwa hifadhidata ya SQL Server, ukiiacha na mpangilio wake wa kawaida wa kulinganisha herufi, ni mmoja. Jaribio lilipita kwa kujibu swali jingine kabisa.

Mchangiaji 1: Pole mkuu, ila dawa yako naimeza kila siku na bado naumwa. Kiolesura chetu kina TafutaKwaSimu, TafutaKwaSimuNaTawi, TafutaKwaTawiNaTarehe... nimehesabu 43. Bosi akitaka ripoti mpya, methodi mpya, na klasi bandia zote za majaribio zinafuata. LINQ (hizo Where na OrderBy za C#) ipo tangu 2007, tunaikimbia ya nini?

Mchangiaji 2: Kigezo cha kutafuta kiwe kitu chenyewe: new WadaiwaWaliochelewa(tarehe). Ghala linakipokea, linabaki na methodi mbili tatu.

Mleta mada: Nusu nakubali. Swali linapata jina na mahali pa kukaa. Lakini ndani ya kigezo hicho mna Expression ile ile (sharti la C# linalosubiri kugeuzwa SQL), na AmechelewaKulipa anaweza kujificha humo. Kwa hiyo kila kigezo kipigwe kwenye hifadhidata ya aina mnayotumia kweli, hata kama ni ndani ya Docker (zana ya kuendesha programu kwenye kisanduku chake). Msiniletee SQLite, hifadhidata ndogo ya faili moja, eti nyepesi: nayo kwa kawaida inatofautisha herufi kubwa na ndogo kwenye alama ya sawa, Asha wetu atabaki wawili.

Na wewe wa methodi 43: ngapi kati ya hizo zinaitwa zaidi ya sehemu moja?

Mchangiaji 1: Sita.