Wimbo mmoja, watu wanne: asilimia za utunzi zinagawanywaje?

Kalamu_Tatu: Wakuu, naomba ufafanuzi. Maneno ya mistari 24 na melodi yote ya kuimba ni ya mtunzi. Biti ni ya prodyuza. Mwimbaji kabadilisha mistari miwili studio. Mpiga gitaa kalipwa akaenda zake, ila ile gitaa ya mwanzo ndiyo watu wanaipigia mluzi. Prodyuza anadai 50 za utunzi na 50 za masta, mwimbaji naye anataka jina lake liwemo. Haki ikoje hapa?

Besi Nzito: Hayo ni mafungu mawili, msiyachanganye. Utunzi ni melodi na maneno, una namba yake ya utambulisho, ISWC. Masta ni rekodi yenyewe, ina namba ya ISRC. Kila fungu lina 100 yake. Masta kwa kawaida ni ya aliyegharamia kurekodi, labda muwe mmekubaliana vingine, kwa hiyo kutengeneza biti peke yake hakumpi mtu nusu.

Asilimia za utunzi sheria haizitaji, ni makubaliano. Wengi huanzia nusu maneno, nusu muziki. Mistari 2 kati ya 24 ni kama 4 katika ile 50, basi mwimbaji 4, mtunzi 46. Muziki: melodi 20, biti 20, gitaa 10. Jumla mtunzi 66, prodyuza 20, gitaa 10, mwimbaji 4.

Fundi Mitambo: 20 ya biti ni ndogo kama biti ilikuwepo kabla ya melodi. Melodi ilifuata njia ya besi ya nani? Mimi ningempa 25, melodi ibaki 15.

Gitaa msiidharau. Matthew Fisher alipiga kinanda kwenye "A Whiter Shade of Pale", wimbo wa bendi ya Procol Harum, mwaka 1967, akafungua kesi 2005. Mwaka 2009 House of Lords, wakati huo mahakama ya juu kabisa Uingereza, ikathibitisha 40% yake ya hakimiliki ya muziki. Miaka 38 ilikuwa imepita! Ila mapato alihesabiwa tangu alipodai, ya nyuma hakuyapata.

Kalamu_Tatu: Risiti ya gitaa imeandikwa "malipo ya kupiga" tu.

Besi Nzito: Hiyo ni ujira wa siku, si uhamisho wa haki. Kwa Kenya, kwa mfano, uhamisho wa hakimiliki lazima uwe kwa maandishi.

Mama Mirabaha: Na hiyo gitaa, hakikisheni haijatoka kwenye wimbo wa watu wengine. "Uptown Funk" ya Mark Ronson na Bruno Mars ilikuwa tayari imeshika chati mwaka 2015 ndipo watunzi watano wa wimbo wa The Gap Band wakaongezwa, 17% kwa pamoja, yaani 3.4 kila mmoja. Hiyo ilimegwa kutoka kwa waliokuwemo, maana 100 haiongezeki.

Sasa karatasi. Jina la wimbo, tarehe, majina kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho (a.k.a. iwe pembeni), namba ya IPI (ya kumtambulisha mtunzi) kwa aliye nayo, asilimia, sahihi za wote wanne. Kila mtu abaki na nakala. Kosa ninaloliona sana: kila mmoja anaenda kivyake kuandikisha wimbo kwenye shirika linalokusanya mirabaha, yaani malipo ya watunzi, huyu kaandika 66, yule 50, jumla inapita 100. Hapo wimbo unaingia kwenye mgogoro na malipo yanasimama, hata ya asiyegombana na mtu.

Msifute faili la mradi studio, wala sauti za WhatsApp za melodi ya kwanza. Tarehe zake ndizo ushahidi.

Fundi Mitambo: Na mpiga gitaa apigiwe simu kabla fomu ya kuandikisha wimbo haijaenda.